Mwalimu wa Historia Anaondoka na Tafakuri Moja Mkononi

Baada ya miaka thelathini na minne ya kazi, yote katika shule hii na karibu yote katika chumba kilekile cha mwisho ghorofa ya pili, Mwalimu wa Historia anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe thelathini Novemba. Wanafunzi wanamwita Kwa Nini, kwa sababu hilo ndilo neno analolitumia kuliko hata salamu. Sisi walimu tunamwita majina mengine ambayo Mkuu wa Shule ameniomba nisiyaandike humu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu na msimamizi wa taaluma, na meza yangu katika chumba cha walimu imepakana na yake kwa miaka kumi na tisa. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa hoja kwamba ninamfahamu kuliko wengine. Ni kweli ninamfahamu, kama mtu anavyoufahamu mlango wa nyumba yake unaokwama. Niliagizwa pia niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila msinilaumu mkikuta mikwaruzo hapa na pale, maana huyu bwana amenitoa jasho.

Alikuja hapa kijana, moja kwa moja kutoka chuo cha ualimu. Alipewa Historia na Jiografia. Jiografia alinyang'anywa mapema, kwa sababu kila mto kwake ulikuwa mahali ambapo jeshi fulani lilivuka, na kila mlima ni mahali ambapo jeshi jingine lilishindwa kuvuka. Watoto walijua nani alizama wapi, lakini hawakujua mvua inatoka wapi. Baadaye alipewa timu ya netiboli kwa msimu mmoja. Wakati wa mapumziko ya mechi ya fainali, timu ikiwa imetangulia, aliwauliza wasichana kwa nini wanataka kushinda. Walirudi uwanjani wakiwa bado wanafikiria, wakachapwa vibaya. Nahodha wa timu ile sasa ni mzazi hapa shuleni, na hadi leo hamsalimii vizuri.

Kuhusu meza, niseme mara moja niwe nimemaliza. Karatasi zake haziheshimu mipaka. Mwaka wangu wa kwanza nilibandika utepe mweupe katikati ya meza zetu, huku kwangu na kule kwake. Akautazama, akasema huo ni mpaka wa kikoloni, haukushirikisha wenyeji. Kufikia mwisho wa wiki vitabu vyake vya Napoleoni vilikuwa vimekalia daftari zangu za aljebra na kikombe chake cha chai kimepiga kambi juu ya rula. Nimelalamika kwa wakuu wa shule watatu, mmoja baada ya mwingine. Wote walicheka. Kumwambia yule mtu apange meza yake ni kumpigia mbuzi gitaa.

Sasa niingie kwenye Tafakuri, maana bila Tafakuri wasifu huu ungeishia hapa na sote tungeenda kula keki.

Kila mwanafunzi wa darasa la mwisho huchagua mtu mmoja wa historia aliyeongoza vita, kisha huandika, kwa maoni yake mwenyewe na si ya kitabu, kama mtu huyo alikuwa na haki ya kufanya aliyoyafanya. Mpaka hapo hakuna ubaya. Balaa ni sharti alilolibuni yeye. Haisahihishi kazi hiyo mpaka mwandishi awe ameisoma kwa sauti mbele ya mtu ambaye kwake vita si habari za kitabuni, na mtu huyo awe yule ambaye mwanafunzi anaogopa zaidi kumsomea. Alichosema msikilizaji kinaandikwa mwishoni mwa kazi, hata kama ni tusi.

Na matusi yamekuwepo. Mvulana mmoja aliandika kurasa sita za kumsifu Napoleoni, akaenda kumsomea kinyozi wake, ambaye alikuwa amefiwa na kaka vitani. Kinyozi alisikiliza huku akinyoa. Kusoma kulipofika kwenye vita vya Urusi, akazima mashine na kuuliza ni wangapi walirudi makwao. Mvulana akasema ni wachache sana. Kinyozi akamwambia, “Basi na wewe rudi kwenu,” akaanza kumhudumia mteja mwingine. Mvulana alikuja shuleni amenyolewa upande mmoja, nami ndiye niliyelazimika kumweleza mama yake kwamba hiyo ni sehemu ya masomo.

Mwingine aliandika kwamba Jengizi Khan hakuwa katili kama wasemavyo, kwani alikuwa akiipa miji nafasi ya kusalimu amri kabla ya kuiangamiza. Mama yake alikimbia vita akiwa mtoto mdogo, amebebwa mgongoni. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele, kisha akasema, “Hata majambazi wengine hubisha hodi.” Sentensi hiyo ilijadiliwa darasani wiki mbili nzima, vipindi vyangu viwili vya hesabu vikiwemo, bila mtu kuniomba ruhusa.

Wapo waliotafuta njia za panya. Kijana mmoja alimsomea babu yake aliyekuwa amevua kifaa chake cha kusaidia kusikia, akaandika kwa uaminifu kabisa jibu la babu: “Ahsante, nimeshakula.” Mwalimu wa Historia alimrudisha. Alimrudisha mara ya pili pia, kwa sababu safari hiyo babu alisikia, lakini kijana alikuwa ameruka ukurasa wa tatu.

Wazazi walikuja kulalamika, na walilalamika kwangu, kwa sababu mlango wa ofisi yangu ya taaluma ndio wa kwanza ukipanda ngazi. Nimesikiliza malalamiko hayo kila mwaka. Kila mwaka nimemwomba aliondoe sharti lake, na kila mwaka amenijibu kwa neno lake lile. Mtaala haukuisha hata mara moja katika miaka yote ninayoikumbuka. Na linalonikata maini kuliko yote ni kwamba wanafunzi wake walifaulu. Walifaulu kuliko wangu. Mtihani ukiuliza swali ambalo hawakufundishwa, walilijibu kwa kulibishia, na wasahihishaji wakawapa alama.

Mwaka huu, mwaka wake wa mwisho, nilidhani tutamaliza salama. Nilijidanganya.

Katika darasa la mwisho yupo msichana ambaye wenzake wanamwita Jaji. Anataka kusoma sheria chuo kikuu, na mtu yeyote aliyewahi kubishana naye juu ya jambo lolote, hata bei ya penseli, atakwambia sheria itapata mtu. Baba yake ni dereva wa gari la mkate. Ndiye anayetuletea mikate ya shule kila asubuhi, mtu mcheshi, anayewajua watoto wote kwa vyeo alivyowapa mwenyewe. Ujanani alikuwa askari na alipigana vita. Hilo linajulikana, na ni hilo tu linalojulikana, kwa sababu akiulizwa habari za jeshi huinuka kwenda kukagua matairi.

Jaji alimchagua Asoka, mfalme wa kale wa Uhindi. Ni mtu ambaye vitabu vinampenda. Aliiteka nchi ya Kalinga, watu laki moja wakauawa, wengi zaidi wakahamishwa makwao. Kisha akajuta, na majuto yake akayachongesha kwenye miamba ili ulimwengu uyasome. Wanafunzi wengi wakifika hapo humsamehe na kuchora ua pembeni mwa ukurasa. Jaji hakuchora ua. Tafakuri yake iliitwa “Asoka Asisamehewe,” na hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, Asoka alijuta lakini Kalinga hakuirudisha. Mtu aliyejuta kweli hurudisha alichochukua. Ya pili ndiyo iliyonikalisha kitini nilipoisoma. Aligundua kwamba maneno yale ya majuto yalichongwa huku na kule katika ufalme, isipokuwa kwenye miamba ya Kalinga yenyewe. Pale waliofiwa walipokuwa wanaishi, mfalme aliweka maneno mengine. “Aliwaomba radhi watu wote,” Jaji aliandika, “isipokuwa wale aliowakosea.”

Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kuona zikivuka ule utepe na kuja upande wangu. Ilibaki kusomwa kwa baba, na Jaji akakataa.

Alikuja ofisini kwangu analia, na kilio chake kilikuwa cha hasira. Alisema yuko tayari kumsomea mtu mwingine yeyote, hata kamanda wa polisi. Kwa baba hapana. “Mwalimu, mimi sijui baba alifanya nini huko,” aliniambia. “Nikisoma kwamba aliyejuta asisamehewe, halafu nione uso wake umebadilika, nitaufanyaje huo uso?” Nilifungua kalenda. Nilichokuwa nacho ni tarehe. Alama zote za ndani zilitakiwa kufika kwa wasimamizi wa mitihani kabla ya mwisho wa wiki ile. Kazi isiyosahihishwa ina maana ya nafasi tupu, nafasi tupu ina maana ya somo lisilo na matokeo, na bila Historia mlango wa sheria unafungwa. Binti mwenye akili kama ile angekosa chuo kwa sababu ya sharti ambalo halimo katika kanuni yoyote duniani.

Nilimwendea Mwalimu wa Historia katika chumba cha walimu, na sikumnong'oneza. Nilimwambia kwamba kuna majeraha ambayo watu wameyafunga kwa mikono yao wenyewe, na yeye anawatuma watoto wakayafungue ili apate kitu cha kujadili kipindi cha tatu. Nilimwambia kwamba ni rahisi sana kwake, mtu ambaye hajawahi kushika hata manati, kuwadai wengine ujasiri. Walimu wenzangu waliinamia vikombe vyao. Nilimngoja aseme kwa nini. Aliinuka, akakusanya vikombe vya watu wote, akaenda kuviosha. Katika miaka kumi na tisa sikuwahi kumwona akiosha kikombe, hata cha kwake. Nilidhani amekasirika. Lakini sharti hakuliondoa, na Jaji hakusoma, na siku ikasogea.

Ndipo Mkuu wa Shule alipoingilia kati kwa nia njema. Aliamua kutoa msamaha maalumu: mzazi atie saini kwamba anaridhia binti yake asimsomee insha. Asubuhi iliyofuata, baba Jaji alipokuwa anashusha mikate, akaitwa, akapewa kalamu. Mkuu wetu ni mtu mwerevu, lakini siku ile akili ilikuwa likizo. Hakuna mzazi duniani atakayeombwa asisikie jambo fulani halafu akubali kutolisikia. Baba yule aliiweka kalamu mezani. “Insha gani hiyo nisiyotakiwa kuisikia?” akauliza, na akavuta kiti.

Jaji akaitwa kutoka darasani. Tulikuwa watano katika chumba cha walimu: baba, binti, Mkuu, Mwalimu wa Historia na mimi, na mlangoni makreti ya mikate yaliyokuwa bado yana joto. Nilitaka kutoka. Baba Jaji akasema nikae, akanipisha hata kiti kizuri, kana kwamba sisi ndio wageni wake.

Binti alisoma amesimama. Mwanzoni alisoma haraka, akimeza maneno, kisha Asoka mwenyewe akamshika na sauti yake ikarudi ile ya mdahalo. Alipofika kwenye miamba ya Kalinga alisita. Baba akamwambia, “Endelea, mama,” kwa upole ule wa wazazi wanapowaita binti zao mama. Akaendelea mpaka mwisho.

Baba aliangalia mikono yake. Uso wake ulibadilika, kama binti alivyoogopa, na hakuuficha. Kisha akasema kwamba kuhusu ile miamba mwanawe amesema kweli tupu: pale watu walipofia ndipo mahali pagumu kusema kuliko kote. “Ila hili la kurudisha,” akasema, “nalo nakuuliza. Nchi inarudishwa. Na yule ambaye alichochukua hakirudishiki, afanye nini?” Jaji, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu alipoanza kuongea, alizishusha karatasi zake, akatikisa kichwa. Baba akasema hata yeye hajui. Amekuwa akijiuliza tangu alipovua sare, na ni mara ya kwanza anamuuliza mtu. Binti akaenda akasimama karibu naye, akaweka mkono begani kwake. Mimi nilijifanya nasoma ratiba ukutani, ratiba niliyoiandika mwenyewe.

Yote yangeishia hapo, na ningekuwa nimeshindwa kwa heshima. Lakini baba Jaji alipoinuka kurudi kwenye mikate yake, alimgeukia Mwalimu wa Historia na kumuuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza njia: “Na wewe, mwalimu, hili sharti lako. Wewe ulimsomea nani?”

Katika miaka thelathini na minne hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Si mwanafunzi, si mzazi, si mimi niliyekuwa nikijitapa kwamba namfahamu. Mtu mwenye maswali mengi haulizwi, watu humkimbia. Mwalimu wa Historia akakaa. Akasema hajamsomea mtu. Hajaandika hata mstari mmoja.

Kisha akatueleza. Ameniruhusu kuyaweka haya hapa na akasisitiza tu nisiyapake rangi. Katika miaka yake ya mwanzo, kabla hata sijaajiriwa, alifundisha vita kama mtangazaji wa mpira. Alichora ubao mzima mishale kwa chaki nyekundu, majeshi yakizunguka milima, wapanda farasi wakitokea nyuma, naye akipiga kelele za mizinga kwa mdomo. Watoto walipenda mno. Waliomba kengele isipigwe. Aliyependa kuliko wote ni mvulana wa dawati la mbele, ambaye baadaye alipata nafasi ya kusomea upimaji wa ardhi. Vita vilipoanza, kijana yule aliiacha nafasi yake akajiandikisha jeshini. Kabla ya kuondoka alipita shuleni na sare mpya kumuaga mwalimu wake. Na mwalimu, kwa fahari, alimsimamisha mbele ya darasa na kuwaambia wanafunzi wampigie makofi. Walimpigia sana.

Hakurudi. Mwaka uliofuata ndipo Tafakuri ilipoanza, pamoja na sharti lake.

Mama wa kijana yule yu hai. Ana duka dogo nyuma ya soko, mwendo mfupi kutoka getini kwetu. Mwalimu wa Historia hajawahi kukanyaga pale. Ndiyo maana huzunguka kwa barabara ya posta kwenda kituoni, jua na mvua, jambo ambalo mimi nililiweka kwenye orodha ndefu ya vituko vyake. Alisema kwamba Jaji alipokuwa anasoma habari za miamba, alijisikia kama mtu aliyevuliwa nguo barabarani. Ameweka majuto yake kwenye midomo ya watoto wa watu, mwaka baada ya mwaka, katika kila nyumba ya mji huu, isipokuwa nyumba moja.

Nilikasirika. Nasema wazi, huruma ilikuja baadaye. Nilikasirika kwa ajili ya kinyozi, na mama mchambua mchele, na wazazi wote walioketi ofisini kwangu, na kwa ajili ya Jaji na usiku wake bila usingizi. Miaka yote hiyo alikuwa anadai kazi ambayo mwenyewe hajaiwasilisha! Kama ningejua, ningemwandikia sifuri kubwa inayoonekana kutoka barabarani. Nilimwambia hivyohivyo. Akasema hiyo ni alama ya haki, akaniomba karatasi, kwa kuwa zake, kama kawaida, zilikuwa zimepotea.

Jaji aliongeza ukurasa mmoja mwishoni mwa Tafakuri yake na kuiwasilisha kabla ya muda kwisha. Kichwa cha habari hakukibadili, Asoka bado hajasamehewa. Aliandika: “Asoka alichonga majuto yake kwenye mawe ili kila mtu ayaone. Baba yangu hakumwambia mtu. Sijui ni nani kati yao aliyejuta zaidi, na sitaki tena kujibu haraka.” Baba yake aliisoma mwenyewe akiwa ameegemea gari, na siku ile mikate ilichelewa kufika maduka yote ya mtaa. Mwalimu wa Historia alimpa alama ya juu kuliko zote alizowahi kutoa, kisha akapunguza mbili kwa sababu kazi ilizidi urefu uliotakiwa. Nilimbembeleza azirudishe hizo mbili. Mnajua aliniuliza nini.

Tangu hapo ameandika. Ameandika kwenye meza yangu, kwa kuwa yake haina nafasi. Ameandika na kufuta mpaka nikamficha kifutio. Mtu wa historia aliyemchagua si mfalme wala jemadari, ni mwalimu wa shule asiyetajwa na kitabu chochote, aliyechora mishale. Jana alinikabidhi nimsahihishie uakifishaji. Nilisahihisha. Yaliyomo sitayasema, kwa sababu yupo mtu anayestahili kuyasikia kabla yenu. Nitasema tu kwamba nilipomaliza sikuweza kuendelea na kazi, na yeye aliniletea chai bila kuombwa, akaiweka upande wangu wa utepe, taratibu, kama mgeni.

Sasa mambo ya shukrani. Shule inamshukuru kwa miaka thelathini na minne, kwa klabu ya mdahalo aliyoianzisha, kwa mawakili, wauguzi, madereva na walimu waliotoka katika kile chumba cha mwisho wakiwa wabishi wasiovumilika na watu wa kweli. Timu ya netiboli inajiandaa kumsamehe. Mimi namshukuru kwa jambo moja ambalo sikutaka kulijifunza, kwamba swali likiulizwa mpaka mwisho humrudia mwenyewe. Meza yake itachukuliwa na mwalimu kijana, msafi, anayepanga kalamu kwa rangi. Nimeshaanza kumchukia.

Zawadi iko kwa Mkuu, keki iko jikoni, na hotuba zilikuwa nne. Baba Jaji, ambaye hupeleka mkate kwenye lile duka nyuma ya soko kila asubuhi, ndiye aliyepeleka ujumbe kwa mama na ndiye aliyerudi na jibu. Alimweleza mama kwamba mwalimu wa mwanawe ana kitu angependa kuja kumsomea, kama atakubali. Mama aliendelea kupanga bidhaa zake kwenye rafu, kisha akasema: “Mwambie aje. Miaka yote namwona akifika pale kona anabadili njia. Nilidhani mimi ndiye niliyemkosea.”

Kwa hiyo, Mwalimu, mimi ndiye niliyepanga ratiba ya leo na mimi ndiye ninayeipangua. Hotuba zote nimezifuta, na yangu nimeifuta ya kwanza. Keki tutakuwekea kipande. Tunakutakia maisha mema na marefu, yenye watu wa kubishana nao. Gari la mkate liko getini, injini inanguruma, na yule mama amefunga duka mapema ili akusikilize. Nenda.